Limp, hobble, stagger au totter? Kuchagua kitenzi cha Kiingereza kwa mwendo wenye kasoro

Sentensi nyepesi kama “mzee aliingia akitembea kwa shida” inagombewa na vitenzi zaidi ya kumi vya Kiingereza. Ukiandika “limped”, msomaji anaona mguu mmoja wenye hitilafu. Ukiandika “tottered”, anaona mtu ambaye upepo kidogo tu ungemwangusha. “Shuffled” inamletea nyayo zinazosuguana na sakafu, na “staggered” inamfanya aulize: amelewa, amepigwa, au amebeba mzigo uliomzidi?

Kamusi ndogo hazimsaidii sana aliyekwama hapa, kwa sababu “kuchechemea” na “kupepesuka” hugawiwa vitenzi vingi kwa pamoja kana kwamba vinabadilishana nafasi. Havibadilishani. Njia ya uhakika ni kuanza na mwili wa anayetembea: kilichoharibika ni kipi, na kinaonekanaje kwa macho. Ukishajua hayo, orodha inapungua hadi vitenzi viwili au vitatu, na ulinganisho ulio hapa chini unahusu hivyo viwili au vitatu vya mwisho.

Maswali ya kujiuliza kwanza

Swali la kwanza ni chanzo. Je, tatizo liko mguuni, kwenye uwezo wa kujisawazisha, kichwani, au ardhini kwenye jiwe lililojificha? La pili ni umbo la mwendo: mwili unaegemea upande mmoja, unaenda pande zote mbili, au unatupwa mbele? Unyayo unanyanyuka au unaburuzika? La tatu ni muda, maana vipo vitenzi vya safari nzima na vipo vya hatua moja tu. La nne ni staha: je, mhusika mwenyewe angekubali kuelezwa hivyo? La tano ni maneno yanayokifuata kitenzi, na kama kinaweza kuchukua yambwa, yaani mtu au kitu kinachotendwa. La sita ni maana yake nje ya miguu, kwa kuwa vitenzi hivi vimejaa kwenye habari za uchumi na siasa.

Kuna jambo moja linalovihusu vyote, na ndilo linalowakosesha Waswahili wengi. Kiswahili huweka mwelekeo kwenye kitenzi kikuu na namna ya kutembea kwenye kitenzi cha pili: aliingia akichechemea, alitoka akipepesuka, alivuka akiyumba. Kiingereza hupenda kinyume chake. Namna hukaa kwenye kitenzi, na mwelekeo huachiwa neno dogo linalofuata: “she limped in”, “he staggered out”, “they stumbled across”. Mwanaisimu Mmarekani Leonard Talmy ndiye aliyejulikana zaidi kwa kuzigawa lugha za dunia kwa kigezo hiki. “He entered the room limping” si kosa la sarufi, lakini ukurasa mzima wa sentensi za namna hiyo unasomeka kama tafsiri. “He limped into the room” ndiyo inayotiririka.

Neno dogo hilo lina hatari yake. Kwetu “chumbani” ni mahali alipo mtu na pia mahali anapoelekea. Kwa Kiingereza “he limped in the room” inamwacha mtu akichechemea humo humo ndani, ila “he limped into the room” inampitisha mlangoni. Vilevile “she hobbled to the door” inamaanisha alifika, na “she hobbled towards the door” haijatuambia kama alifika. Ukikosea neno hili dogo, uzuri wa kitenzi chenyewe hautakuokoa.

Limp na hobble

Hawa wawili ndio wanaochanganywa zaidi, na ndio wenye tofauti iliyo wazi zaidi.

“Limp” ni ya mguu mmoja. Mwenye maumivu hupunguza muda wa kuukanyagia mguu unaouma, kwa hiyo mguu usiouma huharakishwa mbele na hatua zinakosa ulinganifu: moja ndefu, moja fupi. Kipimo chake ni rahisi. Kama unaweza kusema ni mguu upi, wa kushoto au wa kulia, “limp” inafaa. Ina nomino inayotumika sana pia: “he walks with a limp”, “a slight limp”, “a pronounced limp”. Haina dharau ndani yake. Hufaa kwa mchezaji aliyeumia kifundo cha mguu, mtoto aliyechomwa na mwiba, mbwa, na mtu aliyezaliwa na mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mwingine.

“Hobble” inataka shida kubwa zaidi, na mara nyingi iko kwenye miguu yote miwili: malengelenge baada ya safari ndefu, viatu vinavyobana, baridi yabisi ya magoti, mguu uliofungwa plasta. Hatua ni fupi, za kusitasita, na mwili unapanda na kushuka. Kiswahili kina “kujikongoja”, ambacho kiko karibu nacho sana, hasa penye fimbo. Ndiyo maana Waingereza husema “hobble around on crutches”: mtu wa magongo ana-hobble zaidi kuliko ana-limp. Kwa upande wa staha, “hobble” humfanya mtu aonekane dhaifu au wa kuhurumiwa. Msimulizi akiitumia mara tatu kwa bibi yule yule, bibi huyo hana tena sura nyingine kwa msomaji.

Tofauti ya kisarufi inafaa kukumbukwa. “Limp” haichukui yambwa. “Hobble” inachukua: “to hobble a horse” ni kumfunga farasi miguu kwa kamba ili asiende mbali, na kamba yenyewe nayo huitwa “hobble”. Hapo ndipo maana za kitamathali zinapoachana. “The company limped along for two years” ni kampuni iliyojeruhiwa lakini ikaendelea kusogea. “The company was hobbled by debt” ni kampuni iliyofungwa miguu na madeni. Ya kwanza inaeleza uvumilivu, ya pili inataja kizuizi. Meli au ndege iliyoharibika hu-limp hadi bandarini au uwanjani, kwa kawaida hai-hobble. Mafundi wa magari ya kisasa wanalijua neno hilo kupitia “limp mode”, hali ambayo kompyuta ya gari hupunguza nguvu za injini baada ya kugundua hitilafu ili dereva afike gereji bila kuiharibu zaidi.

Tahadhari moja: usikimbilie “lame” kwa mtu. Kwa farasi au ng’ombe ni neno la kawaida hata kwa daktari wa mifugo, lakini kwa binadamu leo linaumiza. “Cripple” ni baya zaidi. “Walks with a limp” inaeleza jambo lile lile bila kumfanya mtu kuwa kilema chake.

Stagger, reel na lurch

Hapa mguu ni mzima. Kilichoharibika ni usawa wa mwili.

“Stagger” ndiyo pana kuliko zote. Mlevi ana-stagger, bondia aliyepigwa ana-stagger, na mtu aliyebeba gunia la kilo 90 ana-stagger: “he staggered under the weight”. Mwili unakwenda huku na huku, hatua hazina mstari, lakini mara nyingi mtu bado yuko wima na bado anakwenda. Kwetu ni “kupepesuka”. Inapenda kufuatwa na “back”, “out of”, “to his feet” na “under”. “He staggered to his feet” ni kuinuka kwa shida baada ya kuanguka, na maneno hayo husimama pamoja. “Hobbled to his feet” si ya kawaida.

Kitenzi hiki kina matawi mengi nje ya miguu, na yote yanatumika kila siku. “I was staggered by the news” ni kupigwa na butwaa. “A staggering amount” ni kiasi cha kushtua. “Staggered working hours” ni saa za kazi zilizopishanishwa ili watu wasiingie wote kwa pamoja. Katika mbio za mita 400, wakimbiaji huanza mahali tofauti kwenye njia zao kwa sababu njia za nje ni ndefu zaidi kwenye kona, na mpangilio huo ni “staggered start”. Mtafsiri anayeishika maana moja tu ya kupepesuka atajikwaa kwenye habari za michezo.

“Reel” iko jirani, ila chanzo kiko kichwani zaidi. Kuna kizunguzungu ndani yake, mara nyingi baada ya pigo: “the blow sent him reeling”. Haifai kwa uchovu. Mtu aliyechoka baada ya kulima kutwa nzima anaweza ku-stagger hadi nyumbani, lakini akiambiwa ana-reel msomaji atatafuta aliyempiga au chupa aliyokunywa. Kitamathali hutumika kwa watu na nchi nzima zilizopatwa na msiba: “still reeling from the floods”.

“Lurch” ni ya ghafla. Ni hatua moja au mbili, mwili ukitupwa mbele au kando bila kutaka: “he lurched forward and grabbed the rail”. Hufaa zaidi kwa vyombo kuliko kitenzi kingine chochote katika kundi hili. Daladala inayoondoka kwa kishindo ina-lurch, na jahazi linalokwenda mrama nalo hivyo hivyo, kwa sababu neno lilitoka kwa mabaharia. Tumbo nalo hu-lurch kwa hofu. Serikali inayoyumba “lurches from one crisis to another”. Ukisema mtu ali-lurch kilomita mbili, umemchora kama mtu anayetupwa kila hatua. Inawezekana, lakini hakikisha ndivyo unavyotaka. Msemo “to leave someone in the lurch”, ambao Kiswahili kinaujua vizuri kama kumwacha mtu kwenye mataa, hauna uhusiano na kuyumba. Asili yake ni mchezo wa zamani.

Totter, teeter, toddle na wobble

Kundi hili linahusu kukaribia kuanguka. “Stagger” ina nguvu iliyopotea njia, lakini “totter” haina nguvu kabisa. Hatua ni ndogo, miguu inatetemeka, na mwili wote unaonekana mrefu mno kwa msingi wake. Inamfaa mgonjwa anayeinuka kitandani kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, mzee sana, na mtoto anayeanza kutembea. Pia inafaa kwa vitu virefu: rundo la vitabu, mnara, ukuta uliopasuka, na kutoka hapo utawala unaoelekea kuporomoka, “a tottering regime”. Kwa mzee, “totter” ina huruma lakini inamwonyesha kama asiyejiweza. Kama mzee wako bado anajitegemea, mpe “walked slowly” au “made his way”.

“Teeter” haihitaji safari. Mtu anaweza ku-teeter akiwa amesimama palepale ukingoni mwa shimo, akienda mbele na nyuma. Ndiyo maana maneno yanayoifuata ni “on the edge of” na “on the brink of”. Viatu vya kisigino kirefu navyo ni mahali pake pa kawaida. Kwa Wamarekani wengi, bembea ya ubao inayopanda na kushuka huitwa “teeter-totter”, vitenzi viwili vikiwa vimeunganishwa.

“Toddle” ni mwendo wa mtoto wa mwaka mmoja au miwili, ule ambao Kiswahili kinauita kwenda tata baada ya kusimama dede. Mtoto wa umri huo huitwa “toddler”. Kwa mtu mzima ni utani, na utani wa Kiingereza cha Uingereza: “I’ll toddle off” ni kuaga kwa mzaha. Usiutie kwenye barua ya kazi. “Wobble” tunaweza kuipita haraka: ni mtikisiko wa kushoto na kulia, hutumika zaidi kwa meza, baiskeli, magoti na sauti kuliko kwa safari ya mtu.

Mwenye jicho la lugha atakuwa ameuona mfanano wa miisho: hobble, toddle, wobble, waddle, shuffle, stumble kwa upande mmoja, na stagger, totter, teeter kwa upande mwingine. Miisho ya “-le” na “-er” katika vitenzi vingi vya Kiingereza hubeba wazo la kitendo kidogo kinachorudiwa. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa kurudufisha shina: yumbayumba, sitasita, suasua. Ukiandika Kiswahili kutoka Kiingereza, “alikuwa akiyumbayumba” mara nyingi hukaa vizuri zaidi kuliko “alikuwa akiyumba”, kwa sababu hiyo hiyo.

Shuffle na shamble

Alama ya “shuffle” ni moja tu: unyayo hauachani na ardhi. Ndala, sakafu laini, foleni inayosogea kidogo kidogo, mfungwa mwenye pingu miguuni. Kwa wagonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayoathiri mwendo, “shuffling gait” ni maelezo ya kitabibu yanayokubalika: hatua fupi, mgongo umeinama mbele, mikono haipepei sana. Kwa hiyo ni neno lisilo na tusi ukilitumia kwa usahihi. Huchukua yambwa pia: “he shuffled his feet” ni kuchezesha miguu palepale kwa aibu au kuchoka kusubiri. “Shuffle the cards” ni kuchanganya karata, na kutoka hapo tukapata “cabinet reshuffle” ya magazetini, mabadiliko ya baraza la mawaziri.

Mtego uko hapa: anayetafsiri “kuburuta miguu” neno kwa neno atapata “drag one’s feet”. Kwa Kiingereza hiyo kwa kawaida ni kuchelewesha jambo kwa makusudi. Mgonjwa wako atageuka kuwa mkaidi. Kama ni mguu mmoja unaoburuzika, “he dragged his left leg” ni salama. Kama ni yote miwili, “shuffled” ndiyo.

“Shamble” nayo haiinui miguu sana, lakini inaongeza ulegevu wa mwili mzima: mabega yameshuka, mikono inaning’inia, nguo hazikukaa sawa. Ina hukumu ndani yake. Inamfaa mhusika ambaye msimulizi anataka tumwone hivyo, vinginevyo iache.

Stumble na trip

Kiswahili kina “kujikwaa” kwa vyote viwili. “Trip” inataka kitu kilichonasa mguu, nacho hutajwa kwa “over” au “on”: “she tripped over a root”. Huchukua yambwa, kwa hiyo “he tripped me” ni kupiga mtu ngwala. “Stumble” ni kupoteza hatua, pawe na kizuizi au pasiwe, na mara nyingi mtu hujizuia asianguke. Tena inaweza kuwa ya safari nzima: “they stumbled through the dark”. “Trip” haiwezi kuchukua nafasi yake hapo, kwa kuwa maana yake ya kizamani ya kwenda mbiombio kwa wepesi ingeingia na kuharibu picha. Kitamathali, kukwama kwenye neno ni “stumble over a word”, na kukuta kitu kwa bahati ni “stumble upon”. Kwa tahajia, “tripped” huongeza p, lakini “limped” haiongezi, wala “staggered” na “tottered” haziongezi r.

Waddle

Ni mwendo wa bata na pengwini: miguu mifupi au iliyotanuka, kiwiliwili kikiegemea kulia na kushoto kwa zamu. Tunasema kibatabata. Mama mjamzito wa miezi ya mwisho anaweza kujisema hivyo mwenyewe, ila mwingine akimsema ni ufidhuli, na kwa mtu mnene ni tusi. Katika ripoti ya kliniki, hata hivyo, “waddling gait” ni istilahi halali ya mwendo unaotokana na udhaifu wa misuli ya nyonga pande zote mbili. Neno moja, staha mbili, kutegemea nani anaandika na kwa nani.

“Trudge”, “plod” na “lumber” hazimo kwenye ushindani huu. Zinaeleza uzito na uchovu, na anayetembea hivyo hajapoteza usawa wake.

Uchague kipi, kutokana na kazi uliyo nayo

Kama unaandika ripoti ya hospitali, bima au polisi, epuka vitenzi vyenye rangi. “Walks with a limp on the left”, “shuffling gait” na “unsteady on his feet” vinaeleza kilichoonekana. “Staggered” kwenye ripoti ya ajali humfanya msomaji adhani pombe kabla haijapimwa, na “tottered” haimwambii daktari chochote anachoweza kukipima.

Kwa insha ya mtihani wa shule, beba vinne unavyovijua vizuri: limp kwa mguu mmoja, stagger kwa usawa uliopotea, stumble kwa kujikwaa, shuffle kwa nyayo zisizoinuka. Vinatosha karibu kila kisa. Ukiwa na shaka, “walked unsteadily” si ya kuvutia, lakini haitakupotosha.

Kwa riwaya au hadithi fupi unayoitafsiri kwenda Kiingereza, rudi kwenye chanzo kabla ya kamusi. Kama mwandishi wa Kiswahili hakusema ni mguu upi, usimletee “limp” ya bure, kwani umeongeza jeraha ambalo halikuwapo. Kama amesema “akijikongoja”, jaribu “hobbled” kwanza, na uhamie “tottered” pale tu ambapo kuanguka kunanukia.

Ukitafsiri kutoka Kiingereza, gawa sentensi. “He staggered out of the bar and across the road” inataka vitenzi viwili vya mwelekeo na kimoja cha namna: alitoka baa, akavuka barabara huku akipepesuka. Kwenye maandishi ya filamu, nafasi ikiwa finyu, namna ndiyo ya kuachwa, kwa sababu mtazamaji anaiona kwa macho yake.

Kwa habari za biashara na siasa, jiulize kama kitu kimejeruhiwa kikaendelea, limp, kimefungwa, hobbled, kimepigwa na bado kina kizunguzungu, reeling, kiko ukingoni, teetering, au kinaporomoka chenyewe kwa uchakavu, tottering. Benki ile ile inaweza kupita kwenye vyote vitano ndani ya mwaka mmoja, na kila wiki kitenzi sahihi kikawa kingine.